Kurudisha kucha zilizochakazwa na meno: mwongozo wa miezi sita

Swali linalokuja kila wiki ni hili: "Nipake nini ziote haraka?" Jibu ni kwamba hakuna. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, na hakuna kitunguu saumu wala mafuta ya kupaka yatakayougeuza kuwa milimita 10. Unachoweza kuamua wewe ni kama hizo milimita 3 zitabaki kidoleni au zitaishia tumboni.

Hesabu ndogo ya kukusaidia usikate tamaa mapema: kutoka kwenye shina hadi ncha, ukucha huchukua miezi 4 hadi 6. Wa kidole cha kati huwahi, wa gumba huchelewa. Sehemu unayoiona tayari imekufa, sawa na unywele, kwa hiyo iliyopasuka haitaungana tena. Unachofanya ni kuilinda mpaka mpya iisukume nje. Ukishalielewa hilo utaacha kutupa pesa kwenye vichupa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kuzingatia hali ya Dodoma na kanda ya kati: hewa kavu karibu miezi minane, vumbi, upepo, na maji ya bomba yenye chumvi kiasi cha kuacha ukoko kwenye birika. Vyote hivyo hukausha kucha. Ukiwa Tanga au Bukoba, punguza mafuta kidogo, mengine fanya vilevile.

Utakavyohitaji

- Kikata kucha kidogo chenye makali, kiwe chako peke yako.
- Misasa ya kucha mitatu, ile ya karatasi ngumu. Kama ina namba, chukua 180 au 240. Ya chuma iache dukani, inachana tabaka za ukucha. Mitatu kwa sababu mmoja ukae nyumbani, mmoja kazini au shuleni, na mmoja mfukoni. Huo wa mfukoni ndio utakaokuokoa.
- Mafuta ya alizeti, vijiko vichache kwenye kichupa chenye kifuniko kinachobana. Yale ya kukamuliwa ya Singida au Kibaigwa yanatosha kabisa. Ya ufuta au nazi ni sawa pia.
- Mafuta ya mgando yasiyo na manukato.
- Glavu za mpira za kufulia, zilizozidi mkono wako kidogo.
- Rangi ya kucha isiyo na rangi, ile ya kung'aa tu.
- Plasta za kitambaa, chumvi ya mezani, mswaki laini uliostaafu.
- Kitu kichungu. Maelezo yake yako hatua ya 5.

Kagua kwanza

Weka mikono mezani karibu na dirisha. Ukiona usaha, kidole kimevimba na kinapwita usiku, au ukucha umegeuka kijani, usianze. Nenda kituo cha afya kwanza. Nenda pia kama una vinundu vigumu kama chunjua kandokando ya kucha, kwa sababu kila unapong'ata unavihamishia kwenye kidole cha jirani na hata mdomoni. Mwenye kisukari asisubiri hata kidonda kidogo cha kidole.

Mistari ya kahawia au myeusi inayotoka shinani kwenda nchani ni ya kawaida kwa watu weusi, hasa ikiwa kwenye vidole kadhaa, na kung'ata kwenyewe huweza kuileta. Ila mstari mmoja peke yake unaopanuka, unaobadilika rangi, au unaomwaga weusi hadi kwenye ngozi ya shina, huo mwoneshe daktari. Usiufunike kwa rangi.

Hatua

1. Wiki ya kwanza, hesabu tu. Usijilazimishe kuacha. Piga picha ya mikono yote miwili, rula ikiwa pembeni, halafu kila mkono unapokwenda mdomoni andika kwenye simu: wapi, saa ngapi, unafanya nini. Watu wengi hudhani wanang'ata "muda wote". Ukisoma orodha Jumapili utakuta ni sehemu mbili au tatu: kwenye foleni ya benki, ndani ya basi la Dar kuanzia Gairo, usiku wa kuamkia mtihani, dakika ya 80 Simba na Yanga zikiwa sare. Sehemu hizo ndizo utakazopambana nazo. Zilizobaki zitajifuata.

2. Ondoa vinavyoning'inia. Loweka vidole dakika 5 kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kausha. Vile vingozi vilivyochomoka pembeni mwa ukucha vikate kwa kikata kucha, karibu na mzizi wake, sehemu iliyokauka na kuwa nyeupe tu. Usivute. Ukivuta, kinachanika kuelekea kwenye nyama, kesho kinakuwa kidonda, keshokutwa ni mdudu wa kidole. Ngozi nyembamba iliyolala juu ya shina la ukucha usiikate wala kuisukuma kwa kijiti. Hiyo ni mlango, na vumbi la Dodoma linasubiri uufungue.

3. Piga msasa. Hapa pana kazi kubwa kuliko hatua zote, na hapa ndipo wengi wanapokimbia. Mtu hang'ati ukucha laini. Hung'ata pale kidole gumba kilipopita juu ya ncha kikakuta kikwaruzo, mkono ukapanda mdomoni wenyewe "kusawazisha". Meno yanasawazisha upande mmoja, yanaacha vikwaruzo viwili. Ondoa kikwaruzo na utakuwa umeondoa mwito.

Ukucha uwe mkavu kabisa, kwa sababu uliolowa ni laini na huchanika tabaka. Shika msasa ukiwa umeinama, utokee chini kidogo ya ncha. Sugua kutoka kona kuelekea katikati, kwa mwelekeo mmoja, mara 4 au 5, kisha kona ya pili. Usiende mbele na nyuma kama unayenoa kisu. Umbo liwe bapa lenye kona zilizoviringwa kidogo. Ncha ndefu iliyochongoka ni ya wenye kucha nzima, na wewe bado.

Kipimo cha kujua umemaliza: pitisha kila ukucha juu ya mtandio mwepesi au soksi ya nailoni. Ukisikia uzi umenasa, hata kidogo, rudi kwenye msasa. Usiamini macho, maana kikwaruzo kinachoita meno mara nyingi hakionekani. Fanya hivi kila jioni kwa wiki nne za mwanzo, dakika tatu tu kwa mikono yote. Na mchana, ukihisi kikwaruzo, toa ule msasa wa mfukoni papo hapo, iwe kwenye daladala au kikaoni. Hakuna atakayekushangaa kuliko anavyomshangaa mtu anayetafuna vidole.

4. Mafuta, mara tatu kwa siku. Tone moja la alizeti kwa kila ukucha, si zaidi. Sugua sekunde 10 kwenye shina, pembeni, na chini ya ncha. Asubuhi, mchana, na kabla ya kulala, pamoja na kila baada ya kufua au kuosha vyombo. Mafuta hayakuzi ukucha. Yanaufanya upinde badala ya kupasuka, na yanailainisha ngozi isichomoke. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, ongeza mafuta ya mgando usiku na uvae soksi za pamba mikononi. Soksi zinakera, lakini zinakamata pia wale wanaong'ata usingizini.

Anayetawadha mara tano kwa siku kucha zake hulowa na kukauka mara tano, na kule kuvimba na kusinyaa ndiko kunakozimenya tabaka. Tembea na kichupa na upake kila baada ya sala.

5. Uchungu. Kazi yake ni kengele. Inamshtua anayeng'ata bila kujijua, ila haimzuii aliyeamua. Famasi kubwa za mjini huwa na dawa ya kupaka yenye uchungu. Ukiikosa, tumia mwarobaini. Ponda majani mabichi 10 na kijiko kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa, chuja, paka juu ya ukucha na uache ikauke. Tengeneza upya kila baada ya siku mbili. Shubiri pia inafaa, ila uchungu uko kwenye ule utomvu wa njano unaotoka chini ya ganda. Ute mweupe wa katikati hauna ukali huo. Paka filamu nyembamba tu, kwa sababu utomvu huo ukimezwa huharisha. Mjamzito asitumie shubiri wala mwarobaini, na kwa watoto wadogo tumia ya dukani iliyoandikwa kuwa ni ya watoto.

Rangi ya kung'aa ikipakwa juu husaidia uchungu udumu siku mbili tatu. Kwa anayeswali, rangi inazuia maji ya udhu, kwa hiyo paka mwarobaini bila rangi na urudie baada ya kunawa.

Pilipili, hapana. Utasahau, utajifikicha jicho.

6. Upe mkono kazi nyingine. Mkono ukianza kupanda, kunja ngumi, gumba likiwa ndani, bana taratibu kwa dakika moja, kisha achia. Dakika nzima, si sekunde tano, maana hamu huchukua muda kushuka. Kwenye zile sehemu ulizoziandika hatua ya 1, jiandae kabla: tasbihi au rozari mkononi, kipande cha kitambaa, kalamu. Ubuyu wa kumung'unya husaidia wengi wakati wa mechi kwa sababu mdomo unakuwa na shughuli, ila ule wenye sukari na rangi nyekundu usiufanye wa kila siku.

7. Ukucha si bisibisi. Vaa glavu unapofua, unapogusa jiki, unapoosha masufuria. Usikwangue vocha kwa ukucha, tumia sarafu. Kopo la soda lifungue kwa mpini wa kijiko. Na msimu wa karanga ukifika, usikae na beseni kumenya debe zima kwa kucha zilizo na umri wa wiki sita. Ganda la karanga kavu la Kongwa linapasua hata kucha za mtu asiyewahi kung'ata. Bonyeza kwa viganja au kwa vidole viwili ubapa.

8. Ziweke fupi kwa miezi miwili. Hili linawaudhi watu. Umesubiri wiki nne, umeona weupe wa milimita 2, unataka uonekane. Punguza ubaki milimita 1. Aliyeng'ata miaka mingi ana ukucha ulioshikamana na nyama kwa sehemu fupi tu. Nyama ya ncha imerudi nyuma. Ukucha mrefu juu ya mshiko mfupi ni kama mwavuli kwenye upepo wa Septemba, ukijigonga tu unanyanyuka na kuachana na nyama, na unaanza upya. Nyama husogea mbele polepole yenyewe, miezi kadhaa, ili mradi usiichokonoe. Kwa hiyo uchafu wa chini ya ncha uondoe kwa ule mswaki na sabuni. Njiti ya meno na ncha ya kisu haviruhusiwi.

9. Chakula. Kwa kifupi: maharage, dagaa, mayai, karanga kwa ajili ya protini, maini mara moja kwa wiki na mboga za majani kwa ajili ya madini ya chuma. Kunywa juisi ya ubuyu au kula chungwa pamoja na mlo, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Chai inywe saa moja baada ya kula, inazuia chuma hicho. Vidonge vya bayotini vina ushahidi mdogo, na vinaweza kuvuruga majibu ya vipimo vya damu kama vya tezi ya shingo na moyo, kwa hiyo ukivitumia mwambie daktari kabla hajakupima. Familia nzima imeze dawa za minyoo kwa ushauri wa famasi au zahanati. Ang'ataye kucha hula kila alichogusa.

Makosa yanayorudisha watu mwanzo

Kucha za kubandika juu ya kucha zilizojeruhiwa. Zinazuia meno, kweli. Lakini kabla ya kubandika, fundi husugua ukucha wako uwe mwembamba ili gundi ishike, na siku ya kubandua tabaka la juu huondoka na gundi. Wenye kucha imara hulimudu hilo. Wewe unabaki na karatasi. Kama kuna harusi na huwezi kukwepa, fanya baada ya mwezi wa nne, na zitolewe kwa kulowekwa, zisinyofolewe.

Vijana wanaozunguka na vikapu vya rangi mitaani wanafanya kazi nzuri na kwa bei nafuu, tatizo ni msasa na kikata kucha vinavyopita miguu ya watu ishirini kwa siku. Fangasi husafiri hivyo. Homa ya ini aina B pia, pale panapotoka damu. Mpe cha kwako akitumie. Hatakasirika.

Ndimu haimarishi kucha, inazikausha. Mbaya zaidi, maji ya ndimu kwenye ngozi na jua la saa sita la Dodoma hubabua na kuacha madoa meusi ya wiki kadhaa. Hina ya majani haina neno. Piko ni kemikali, inaweza kutoa malengelenge kwenye ngozi iliyochubuka, na ngozi yako imechubuka. Dawa za "kugumisha" kucha nazo zitumie kwa tahadhari, maana baadhi zina kemikali iitwayo fomaldehaidi. Mwezi wa kwanza ukucha unakuwa mgumu, wa tatu unakuwa mgumu kama biskuti.

Rangi ukiitoa kwa asetoni, iwe mara moja kwa wiki mwisho, na upake mafuta mara moja baada ya kunawa.

Mambo yakienda mrama

Ukucha umepasuka kuelekea katikati. Usiukate hadi kwenye nyama. Fungua mfuko wa majani ya chai, mwaga majani, kata kijikaratasi cha kutosha kufunika ufa. Paka rangi ya kung'aa, laza karatasi, subiri ikauke, paka tena mara mbili. Piga msasa kidogo juu ili isinase. Badilisha kila baada ya siku tatu au nne mpaka ufa ufike nchani.

Ncha zinamenyuka kama kitunguu. Ni maji. Rudi kwenye glavu, ongeza mafuta, na hakikisha husugui mbele na nyuma.

Mawimbi na mabonde ya mlalo. Ni kumbukumbu ya siku ulipochokoa ngozi ya shina. Yatasogea mbele na kuisha. Yakiendelea kuzaliwa mapya, jichunguze, yaelekea bado unalichokoa gumba bila kujua. Vidoa vyeupe navyo ni alama za kujigonga. Usinunue vidonge vya kalsiamu kwa sababu yake.

Pembeni kumevimba, kunauma, hakuna usaha. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu, loweka dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Siku mbili zikipita bila nafuu, au usaha ukionekana, nenda zahanati. Usitoboe kwa sindano wala mwiba, na usinunue kapsuli za rangi mbili kwa kukisia.

Ukucha umebonyea katikati kama kijiko. Pima wingi wa damu. Upungufu wa madini ya chuma huonekana hivyo, na hapo msasa hausaidii kitu.

Kidole kimoja kimegoma. Karibu kila mara ni gumba au cha shahada, yaani kile kile unachokipenda. Kifunge plasta ya kitambaa mchana kwa wiki mbili, ibadilishwe kila ikilowa. Usiku kifungue kipate hewa na mafuta.

Umeteleza, umeng'ata mmoja. Piga msasa ndani ya saa hiyo hiyo, na acha tisa zilizobaki zilivyo. Kosa linalomaliza kazi ya miezi ni kuzing'ata na nyingine "zilingane". Vidole visivyolingana havimuumizi mtu.

Unang'ata hadi damu, kila siku, na hatua zote hizi hazishiki. Mara nyingi chini yake kuna wasiwasi au msongo, na hilo lina wataalamu wake. Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na japo jina lake limekuwa la utani mtaani, huko kuna watu wanaosikiliza mambo ya wasiwasi wa kawaida, usiofanana hata kidogo na utani huo. Unaweza pia kuanzia kituo cha afya cha karibu ukaomba rufaa. Siku ya kwenda usipake rangi wala plasta, nyoosha vidole juu ya meza wavione, na chukua ile orodha ya wiki ya kwanza.